Tulivyovunja Dirisha la Mzee Likonda

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchora chochote. Nilipewa sindano, uzi mweupe na rundo la mapazia ya kijani ya ukumbi wa harusi, nikaambiwa niyapige pindo kwa mkono. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha sanaa, nimevaa sketi niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, nikitegemea kuonyeshwa meza ya kuchorea. Meza ilikuwepo, ila juu yake palikuwa na cherehani, na mwenye cherehani hakuwa na mpango wa kuihamisha.

Mwenye cherehani alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyekuwa na duka la mapazia Magomeni. Nyie mliobaki ofisini mnanijua kama Mama Koku wa dari, rangi na makabati, na mkaniomba kabla sijaondoka niwaandikie kazi ilivyokuwa. Basi ilianzia hapo, kwenye pindo. Wakati ule ukimwambia mtu kwamba wewe ni mbunifu wa ndani ya nyumba, alidhani unafagia. Mama yangu mzazi, mtu wa Bukoba asiyependa maneno marefu, aliwaambia majirani zetu wa Kinondoni kwamba nashona. Sikumsahihisha, maana ndicho nilichokuwa nafanya.

Baada ya miezi ya pindo, Bi Zuhura alinichukua kwenda kupima madirisha ya mteja. Nikaingia sebuleni na futi mkononi, nikaenda dirishani moja kwa moja kama mtu aliyetumwa kulikamata. Bi Zuhura yeye alikaa. Akaomba maji ya kunywa. Akauliza habari za watoto, nani analala chumba kipi, jua la jioni linampiga nani usoni, na kwa nini kochi la baba limeupa mgongo mlango. Mimi nilishamaliza kupima na nimesimama na karatasi yangu, naona tunapoteza muda.

Njiani akaniambia, "Dirisha haliendi popote, mwanangu. Ukishatoa futi, watu wanaona kazi imeanza, wananyamaza. Na wewe ulikuwa hujasikia chochote bado."

Sikupenda kuambiwa vile, lakini nikashika. Nilipokuja kufanya kazi zangu mwenyewe, nilijiwekea utaratibu wa kushinda nyumbani kwa mteja siku nzima kabla ya kupima hata ukuta mmoja. Wengine waliona ni uvivu. Nauliza viatu vinavuliwa wapi. Nauliza nani anaamka wa kwanza na anafanya nini gizani asiwaamshe wenzake. Naangalia ndoo ya maji inakaa wapi, simu zinachajiwa wapi, bibi anaswali wapi. Mteja atakwambia anataka nyumba ya namna gani, na kweli anataka, lakini anavyoishi hawezi kukwambia kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kujitazama.

Kulikuwa na familia moja Tegeta yenye sebule kubwa, sofa bado zina nailoni za dukani, na kufuli mlangoni. Wenyewe, wote, walikuwa wanakula na kuzungumza kwenye korido nyembamba karibu na jiko, wamekaa kwenye stuli, kwa sababu upepo ulipita hapo. Waliniita nipendezeshe sebule. Nikawaomba wanipe korido. Tukasogeza ukuta mmoja, tukajenga benchi refu lenye droo chini, tukafungua tundu la hewa juu. Sebule tukaipaka rangi tu, ikaendelea kusubiri wageni. Nadhani inasubiri mpaka leo.

Kisha zikaja simu zenye picha, na kila mteja akaja na nyumba ya nchi yenye barafu. Mama mmoja wa Bunju alinionyesha sebule yenye meko ya kuota moto, na mbwa mkubwa amelala mbele yake. Nikamuuliza huo moto atauwasha mwezi gani. Akasema moto si lazima, anachotaka ni lile umbo. Tukajenga lile umbo, la matofali mekundu, zuri sana. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa linahifadhi kreti za soda. Mbwa aliahirishwa.

Vifaa vyangu mnavijua, mmevicheka vya kutosha: futi ya chuma, pima maji, na chaki. Kompyuta nyie mnaijua kuliko mimi na sitajifanya. Ila chaki msiidharau. Mteja aking'ang'ania kitanda kikubwa kuliko chumba, usimwonyeshe mchoro. Chora kitanda chenyewe kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi, chora na kabati na mlango ukifunguka, halafu mwambie apite kwenda dirishani. Akishakanyaga kitanda mara tatu, atakuuliza yeye mwenyewe kama hakuna kidogo.

Na shikeni fundi mmoja mzuri msimwachie. Wangu alikuwa Fundi Rama wa Keko, mwashi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, tuliyefanya naye kazi mpaka tukazeeka wote. Kabla ya kuvunja ukuta wowote Rama huugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Kisha anasema "unavunjika" au "huu uache". Nilishindana naye mara moja tu kuhusu ukuta wa kuachwa. Mjue tu kwamba tuliuacha.

Sasa niwaambie kazi iliyonichosha kuliko zote. Ilikuja mwishoni mwishoni, nilipokuwa nimeshaanza kugawa vitabu vyangu.

Mzee Likonda aliishi Mbagala, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Alikuja mjini kijana kutoka upande wa Newala na patasi zake, akachonga vinyago, baadaye milango, na kwa milango akajenga nyumba. Mtaa ule mvua ikinyesha maji hupita kwa nguvu, kwa hiyo nyumba aliinyanyua juu: unapanda ngazi, unafika barazani, ndipo unaukuta mlango. Na mlango wenyewe sijauona mwingine kama ule. Wa mninga, fremu nene zilizochongwa majani, ndege na mikono ya watu iliyoshikana, na kizingiti kirefu chini chenye nakshi pia. Mkewe, Mama Somoe, aliniambia mlango ule ulikamilika kabla ya paa. Kipindi kirefu waliishi na mlango wa tajiri na juu yao turubai.

"Mama, nataka sebule," Mzee alinianza siku ya kwanza. "Lile dari la jipsamu, taa zimejificha. Ukuta wa televisheni. Na makochi nimeshaagiza Keko. Binti yangu anarudi."

"Anarudi kutoka wapi, mzee?"

"Hospitali."

Mama Somoe, aliyekuwa amesimama mlango wa jiko, ndiye aliyemalizia. Somoe, binti yao, alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari hapohapo Mbagala. Asubuhi moja akiwa kwenye bodaboda kwenda kazini waligongwa na lori. Uti wa mgongo uliumia. Alikuwa hospitali muda mrefu, na sasa anarudi na kiti cha magurudumu.

"Madaktari wamesema kwa sasa," Mzee akasema, akitazama juu mahali dari lingekuja kukaa. "Kwa sasa tu."

Nilishinda pale siku nzima kama kawaida yangu. Mzee alipokwenda kusali alasiri nikapima mlango. Zile fremu za nakshi zilikuwa zimekula nafasi yote. Kiti cha magurudumu kingekwama pande mbili, na kabla ya kukwama kingegonga kizingiti, na kabla ya kizingiti kulikuwa na ngazi. Aliporudi nikamuuliza Somoe atapita wapi.

"Mlangoni, kama watu wote."

"Kiti hakipiti, mzee."

"Nitambeba," alisema. "Nilimbeba akiwa mdogo, nitambeba tena mpaka miguu irudi. Wewe nifanyie dari."

Katika kazi yetu kuna swali ambalo chuoni hawalifundishi: mteja ni nani? Anayekuita? Anayelipa? Anayekwenda kuishi ndani yake? Mara nyingi ni mtu huyohuyo, huna haja ya kuuliza. Pale hawakuwa mtu mmoja, na yule mwingine alikuwa bado wodini. Nikaanza dari, nikamsubiri.

Somoe aliletwa na teksi. Majirani walikuwa wamejaa getini kumpokea, na nia zao zilikuwa nzuri, lakini kujaa ni kujaa. Mzee akamtoa kwenye gari mikononi, akapanda ngazi, akafika mlangoni akageuka ubavu ili wapite wote wawili. Somoe alifumba macho tangu kwenye gari mpaka kwenye kochi. Sikuona kama ni maumivu. Alikuwa mwanamke mzima, mwalimu, na wanafunzi wake wawili watatu walikuwa pale getini.

Ndani, kiti chake kilikwenda kutoka kochi hadi televisheni kikaishia hapo. Makochi mapya yalikuwa makubwa, hakuna pa kugeuzia. Rama alikuwa juu ya jukwaa anafunga jipsamu. Akashuka, akainyanyua meza ya kioo ya katikati, akaipeleka barazani, akapanda tena. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyeirudisha.

Siku iliyofuata nilikaa na Somoe na maswali yangu.

"Shikamoo, Mama Koku," alisema. "Nasikia wewe unauliza viatu vinakaa wapi."

"Marahaba. Vinakaa wapi?"

"Vyangu havichakai tena, popote tu." Akacheka, nikacheka kidogo kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. "Uliza lingine."

"Kitu gani unataka kukifanya mwenyewe kwanza, bila kuita mtu?"

Hakufikiri. "Kutoka. Nataka kwenda dukani kwa Mangi kununua vocha. Halafu shule. Mkuu wa shule kasema nafasi yangu ipo, watanipa madarasa ya ghorofa ya chini. Mama Koku, chumba ninacho. Usinichoree chumba. Nichoree pa kutokea."

Nikachukua chaki nikachora kiti chake sakafuni, na upana kinaohitaji kupita. Nikamwambia njia ya kwanza ni kupanua ule mlango, maana yake kukata fremu.

"Usiguse mlango wa baba," alisema haraka. "Bora nikae ndani."

Basi nikatazama ukutani, na jibu lilikuwa linanitazama. Kando ya mlango palikuwa na dirisha pana la sebule linalotokea barazani. Dirisha lina faida moja kubwa ambayo nataka muikumbuke: linta, ule mkanda wa zege unaobeba ukuta kwa juu, tayari ipo. Ukitoa grili na kioo, ukabomoa ukuta mfupi ulio chini yake, una mlango, na nyumba haijasikia kitu. Rama akaugonga ule ukuta wa chini kwa kidole, akasikiliza.

"Unavunjika," akasema. "Kazi ya siku moja na kelele."

Kilichobaki ni mteremko kutoka barazani hadi getini, na ruhusa ya mwenye nyumba. Jioni nikamweleza Mzee.

"Dirishani?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Litakuwa mlango."

"Dirishani anapita mwizi. Binti yangu, mwalimu, apite dirishani?"

"Likishavunjwa siyo dirisha tena."

"Na huo mteremko, mbele ya nyumba, kila mpita njia ajue." Alikuwa hajapandisha sauti bado. "Mama, sikiliza. Ukishamwaga zege hapo, umeshasema hatatembea. Nyumba yangu haitakuwa hospitali. Maliza dari, weka rangi, tuagane vizuri."

Sikubishana. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa mchoro, hata ulio mzuri, na mzozo wenyewe haukuwa tena wa zege. Mama Somoe alikuwa jikoni anasikia yote. Alinifungia maandazi ya kuondoka nayo, akaniambia taratibu, "Anaamka usiku anamkanda ile miguu. Usimwone mbaya."

"Simwoni mbaya, mama," nikamjibu. Ilikuwa kweli.

Tukamaliza dari. Taa zikajificha kama alivyotaka. Somoe akawa anabebwa asubuhi kuota jua uani, mbele ya nyumba, anabebwa kurudi, na siku nyingine alisema hana haja ya jua. Wanafunzi waliokuwa wakija kumsalimia wakapungua. Mzee naye akaanza kupumua kwa nguvu akifika ngazi ya juu, na akifika hujisimamisha kidogo mlangoni, kama mtu anayetazama nakshi zake.

Siku tuliyokuwa tunapaka rangi ya mwisho, Somoe alikuwa uani kwenye kiti chake. Adhuhuri Mzee akarudi kutoka msikitini, akakunja mikono ya kanzu, akainama kumbeba.

"Acha, baba," Somoe akasema.

"Jua limekuwa kali."

"Nimeliona."

"Basi twende ndani."

"Siingii."

Mzee akadhani utani, akaweka mikono chini ya magoti yake. Somoe akaishika ile mikono, akairudisha.

"Nitaingia mwenyewe, baba. Siku nikiweza kuingia mwenyewe, nitaingia. Leo nakaa hapa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Sijui. Mwenye nyumba ni wewe."

Mie na Rama tulikuwa sebuleni, brashi mkononi, tunatazama kupitia lile dirisha.

Mama Somoe akamletea mwanawe sahani ya wali, na mwavuli wa kujikinga na jua. Jirani akachungulia getini, akauliza kuna nini. "Napunga upepo, shoga," Somoe akamjibu. Mzee akaenda kukaa barazani, kwenye stuli yake, uso umemwelekea Somoe. Wakawa wanatazamana hivyo, mmoja juu mmoja chini, na ukiwaona mdomo ule uliobanwa hukuwa na haja ya kuuliza kama ni baba na mwana.

Baadaye Somoe akaniita akaniomba chaki. Uani palikuwa na sakafu ya saruji. Akainama upande mmoja wa kiti na kuanza kuandika chini, akamwita Rama ampimie urefu wa baraza kutoka chini. Rama akamtazama Mzee. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Rama akapima.

"Kila futi moja ya kupanda inataka futi kumi na mbili za kwenda, siyo Fundi?" Somoe akauliza kwa sauti ya darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma. "Kunyooka mpaka getini hazitoshi. Ila tukipinda pale kwenye tangi la maji, zinatosha na zinabaki."

"Kwenye tangi kuna mchicha wangu," mama yake akasema.

"Samahani, mama."

Alasiri wingu likaja kutoka upande wa Kongowe, jeusi, na upepo wake. Matone ya kwanza yakafuta hesabu. Mama Somoe akaita, "Baba Somoe! Mtoto analowa!" Somoe aliufungua ule mwavuli wa jua, lakini mvua ya Mbagala haina habari na mwavuli. Hakuita mtu. Mzee akainuka, akashuka ngazi, akasimama mbele yake mvuani. Nilidhani sasa atambeba kwa nguvu, na nadhani yeye pia alishuka kwa nia hiyo.

Badala yake akauliza, kwa sauti ambayo tuliisikia kwa shida, "Na miguu ikirudi?"

"Ikirudi nitapita hapohapo kwa miguu, baba," Somoe akasema.

Mzee alibaki amesimama, kanzu imemganda mwilini. Kisha akazunguka nyuma kwenye karakana yake, akapanda barazani na nyundo kubwa. Alipiga pigo la kwanza chini ya dirisha kabla hatujajua anachofanya, na rangi yangu ya ukuta ule, iliyokuwa haijakauka, ikaja chini na vipande vya plasta.

"Mzee, ngoja tutoe kioo!" Rama akapiga kelele, mara pekee niliyowahi kumsikia akipaza sauti. "Ngoja kioo, utatuua!"

Tukatoa kioo, tukang'oa grili. Mzee na Rama wakapokezana nyundo. Mvua ilikatika, Mama Somoe akamfunika mwanawe khanga kavu mabegani, na wote wawili wakakaa wanatazama ukuta wao ukiondoka. Kabla ya Magharibi palikuwa wazi mpaka sakafuni, pamechongoka, pabaya, pana kuliko mlango wa nakshi. Tukalaza mbao za jukwaa juu ya ngazi. Zilikuwa zimesimama mno, na nikasema hivyo.

"Nyie shikeni kiti nyuma kisirudi," Somoe akasema. "Msinisukume."

Tukashika. Akasukuma magurudumu mwenyewe. Katikati mikono iliteleza, tukarudi nyuma kidogo, Rama akaguna. Akapangusa viganja kwenye khanga, akaanza upya. Alipofika barazani alisimama kupumua, kisha akapita pale palipokuwa dirisha. Ndani, Mzee alikuwa amesimama na vumbi la plasta kwenye nywele. Alisogea kumpisha. Mama Somoe aliuliza nani atafagia.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida, na ndiyo niliyoipenda. Tulijaza kifusi, tukapiga zege, na kabla halijashika tukapitisha fagio gumu juu yake ili magurudumu yasiteleze wakati wa mvua. Juu barazani tukakata mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma, maji yasifuate mteremko kuingia sebuleni. Mchicha ulikwenda, na mwenyewe aliutaja kila siku mpaka tulipomjengea kitalu cha matofali chini ya bomba. Makochi ya Keko yakarudi Keko, yakaja madogo. Meza ya jikoni tukaishusha upande mmoja. Zile taa zilizojificha darini zipo, na sijawahi kuzikuta zimewashwa.

Mlango wa lile tundu Mzee alitengeneza mwenyewe. Alimwita Somoe, akampima mkono akiwa kitini, akaweka kitasa kwa urefu huo. Mninga, mpana, laini, bila jani wala ndege. Nikamuuliza mbona hakuchonga.

"Ningechonga ningechukua miezi," alisema. "Ana haraka."

Nilirudi baada ya muda, jioni moja, kumalizia mapazia. Mzee alikuwa barazani kwenye stuli, anachonga mguu wa meza ya mtu. Bajaji ikasimama getini. Nikasikia dereva akifungua kiti, kisha magurudumu yakaanza kupanda zege. Ule mteremko unapopinda kwenye tangi ni pazito kidogo, lazima usukume mara mbili. Mikono ya Mzee ilikuwa imeacha kuchonga. Alikuwa ameshika patasi kwa nguvu, miguu ameikaza chini kama mtu anayezuiwa asisimame, ila aliyemzuia ni yeye mwenyewe. Hakuinuka.

Somoe akatokea kwenye kona, daftari za wanafunzi mapajani, jasho usoni, vidole vina vumbi la chaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

"Foleni, baba. Rangi Tatu pamefunga."

"Kila siku foleni," Mzee akasema kwa hasira, akarudi kwenye mguu wake wa meza. Somoe akampita, akasukuma mlango, akaingia ndani kuuliza chai.